Ugonjwa Usiosikia Dawa: Niliyojifunza Nikimuuguza Mke Wangu

Mke wangu alimeza tamoksifeni, kidonge cha kuzuia saratani ya titi isirudi, kila usiku kwa karibu miaka mitano, taarifa ya habari ya saa mbili ikianza tu, na saratani ikarudi vilevile. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wanalolikataa. Ukiwaambia saratani ya titi imerudi na sasa iko kwenye mifupa, swali la kwanza, kabla hata ya pole, ni kama mgonjwa alikuwa anafuata dozi. Dada yangu mkubwa, ambaye ni wifi yake na anampenda kweli, aliuliza hivyo hivyo sebuleni kwetu mbele ya wageni: "Wifi, hukuwa unaruka vidonge?" Mke wangu hakujibu. Aliinuka, akaleta kadi yake ya dawa, akaiweka mezani. Kila mwezi ulikuwa na muhuri wake wa famasi.

Simlaumu dada. Sote tumelelewa na matangazo ya kifua kikuu na ARV: ukiruka dozi, vimelea vinakuwa sugu. Kwa kifua kikuu hiyo ni kweli tupu. Kwa saratani ni kipande tu cha ukweli, na kipande hicho kikichukuliwa peke yake kinamgeuza mgonjwa mshtakiwa nyumbani kwake.

Mimi kazi yangu ilikuwa mifugo. Nimestaafu sasa, lakini miaka mingi nilizunguka Mvomero na Kilosa nikisimamia majosho na kubishana na wafugaji juu ya vipimo vya dawa ya kupe. Usugu naujua kwa macho. Unamwogesha ng'ombe, kupe wanapukutika, mfugaji anafurahi. Wachache wenye maumbile ya kuihimili ile dawa wanabaki, wanazaliana, na baada ya misimu kadhaa ng'ombe anatoka joshoni ananuka dawa na kupe wanatembea sikioni kama hakijatokea kitu. Enzi za aseniki zilipita hivyo, toksafini ikafuata, na zilizokuja baadaye nazo tunaziona zikichoka. Tena kuna jambo ambalo wafugaji walikuwa wakinibishia nami nikijua wana haki: hata kwenye josho lililochanganywa sawasawa, kupe sugu hutokea. Dozi pungufu huharakisha mambo, lakini haiwezi kumuumba kupe ambaye hakuwepo.

Kwa hiyo niliposikia neno lile hospitalini sikuwa mgeni nalo. Nilichokuwa sijui ni jinsi usugu na kusambaa kwa saratani vinavyokwenda pamoja. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa, jinsi lilivyotuingia sisi watu wawili wa Morogoro ambao si madaktari.

Mwaka 2016 alipapasa uvimbe mgumu usiouma, titi la kushoto, upande wa kwapa. Alikuwa na miaka 43. Akachukuliwa kinyama cha kupimwa, majibu yakatoka, tukapewa rufaa ya Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road, lile jengo la Wajerumani linalotazamana na bahari. Kwenye ripoti kulikuwa na mistari mitatu ambayo baadaye niliikariri kama namba ya simu: ER chanya, PR chanya, HER2 hasi. Maana yake ni kwamba seli za uvimbe wake zilikuwa na vipokezi vya homoni za kike, estrojeni na projesteroni, na zilikuwa zikizitumia kukua. HER2 ni protini nyingine inayochochea saratani kukua, na hiyo hazikuwa nayo kwa wingi. Karibu asilimia 70 ya saratani za titi ni za namna hiyo. Tukaambiwa tuna bahati, kwa sababu aina hiyo ina dawa ya kuifungia mlango. Lakini tezi za kwapani nazo zilikutwa na saratani.

Titi likaondolewa. Mimi nikadhani kazi imekwisha, iliyobaki ni kidonda. Daktari akatuandikia dripu. Nikauliza, dripu ya nini, na uvimbe si umeshatoka? Akanijibu kwamba upasuaji umeondoa kinachoonekana, na dripu inafuata kile kisichoonekana. Uvimbe unapofika sentimita moja tu huwa una mamia ya mamilioni ya seli, pengine bilioni, na baadhi zimeshaingia kwenye damu na mishipa ya limfu kabla mtu hajashika chochote kwapani. Nyingi hufia njiani. Chache hufika kwenye uboho wa mifupa, kwenye ini au mapafu, na kukaa. Hakuna skani ya kuziona.

Niliyaelewa maneno hayo kwa sikio tu. Miaka sita baadaye ndipo niliyaelewa hasa: wagonjwa wengi wa saratani ya titi hawauawi na uvimbe wa titini. Wanauawa na zile chache zilizokwenda zikakaa. Na dawa zote tunazopewa baada ya upasuaji, dripu, vidonge, zinafanya kazi moja, kuziwahi hizo kabla hazijaamka. Dawa ikizishinda, hakuna kusambaa. Zikiishinda dawa, ndipo unasikia mtu "amerudiwa".

Dripu zenyewe zilikuwa doksorubisini na siklofosfamidi, kila baada ya siku 21, kisha paklitakseli. Waliopita huko wanaijua hiyo ya kwanza kwa rangi yake. Ni nyekundu ya sharubati. Nesi hakuiachia itiririke yenyewe. Aliisukuma kwa bomba la sindano mkononi, taratibu, macho yake kwenye mshipa, kwa sababu ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Mke wangu alikuwa anamung'unya vipande vya barafu ili asipate vidonda mdomoni. Jioni mkojo ulitoka mwekundu. Kila awamu ilitanguliwa na picha ya damu, na seli nyeupe zikiwa chini mnarudi nyumbani na nauli yenu imekwenda. Nakumbuka wanawake waliokuwa wakilia kwenye benchi kwa sababu wamerudishwa. Mtu analilia sumu aliyonyimwa; ukisimulia hilo nje ya kuta zile hakuna anayekuelewa.

Baada ya mionzi ndipo zikaanza tamoksifeni, mwaka 2017. Miligramu 20, kidonge kimoja. Dawa hii ina historia ya ajabu: miaka ya 1960 huko Uingereza waliitengeneza wakitafuta kidonge cha kuzuia mimba. Kwenye mimba haikufaa kitu, lakini kwenye titi ikaja kuwa mojawapo ya dawa zilizookoa wanawake wengi kuliko zote. Inaketi kwenye kipokezi cha estrojeni na kuziba nafasi. Ikitumiwa miaka mitano kwa wenye ER chanya, hupunguza vifo vya ugonjwa huu kwa karibu theluthi moja, na siku hizi wengine huongezewa hadi miaka 10. Ni nafuu na inapatikana. Ina karaha zake pia: joto linapanda ghafla kifuani hadi usoni, usiku shuka linalowa, viungo vinauma asubuhi. Mke wangu alikuwa analala na kanga mbili pembeni, moja ya kubadilisha.

Nifungue mabano kidogo hapa. Tamoksifeni yenyewe ni dhaifu. Ini ndilo huigeuza kuwa endoksifeni, yenye nguvu zaidi, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Watu hatufanani kwenye kimeng'enya hiki. Kuna aina zake zinazofanya kazi polepole ambazo ni za kawaida Afrika, na moja ilichunguzwa kwa kina miongoni mwa Watanzania na kuelezwa mwaka 2001. Wataalamu bado wanabishana kama jambo hilo linamgusa mgonjwa kiasi gani, na kwetu hakuna aliyepima. Ila lisilo na ubishi ni kwamba baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini na paroksetini, hukikaba kimeng'enya hicho. Mgonjwa anayetumia tamoksifeni akiandikiwa dawa ya msongo wa mawazo, na wengi huandikiwa, aseme kwa sauti anatumia nini.

Mgongo ulianza kumuuma mwaka 2022. Kwanza tulisema ni jembe, maana ilikuwa masika. Tukaenda kituo kimoja cha afya, akachomwa sindano za maumivu. Tukarudi, wakasema ni mkojo mchafu, wakampa vidonge. Hivyo hivyo wiki zikapita. Hakuna aliyeuliza kwa nini mama huyu hana titi moja, ingawa kovu liko pale pale unapoweka kipimo cha kusikiliza kifua. Maumivu yalikuwa ya usiku, hayasikii kulala wala kugeuka, na hayo, naambiwa sasa, si ya jembe. Ya jembe hupungua ukipumzika.

Skani ilionyesha pingili za uti wa mgongo, nyonga, na doa kwenye ini.

Hapo ndipo tulipokutana na daktari mwingine, binti mdogo kwa umri, ambaye kila nilipoingia alianza na "Shikamoo mzee" hata akiwa na foleni ya watu arobaini mlangoni. Yeye alisema anataka kinyama kutoka kwenye ini, kwa sindano ndefu, akiongozwa na ultrasaundi. Nyumbani ikawa kelele. Ndugu wa mke wangu wakasema, saratani si inajulikana? Kwa nini achomwe tena, tena kwenye ini? Wengine wanaamini saratani ikiguswa na chuma inasambaa, na imani hiyo imewachelewesha wengi. Shemeji yangu mmoja akasema kwa upole kabisa kwamba daktari anajifunzia.

Nilikwenda kumuuliza daktari mwenyewe. Akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani. Nilipomwambia mifugo, akacheka: "Basi mzee, wewe utanielewa upesi." Akachukua bahasha ya eksirei, akachora nyuma yake.

Alichora duara lenye vijiduara ndani, baadhi amevipaka wino. Akasema uvimbe wa titi si seli ya aina moja. Tangu mwanzo zina tofauti ndogo ndogo, kwa sababu seli ya saratani ikijigawa inakosea kunakili jeni zake mara kwa mara. Nyingi zilikuwa zinaitegemea estrojeni, na hizo tamoksifeni ilizishughulikia. Chache zilikuwa na njia nyingine, au zilijifunza njia nyingine humo humo ndani ya dawa. Dawa inapoendelea kuua zile tiifu, hizi zinabaki na uwanja mzima. "Kinachorudi baada ya miaka mitano ya tamoksifeni," akasema, "ni watoto wa walionusurika. Siwezi kuwatibu kwa kusoma ripoti ya babu yao."

Nikamuuliza, kwa nini hasa wanusurike? Akataja mambo kadhaa, na mengine nimeyasoma baadaye kwa kuwa nilikuwa na muda na hasira.

Kuna seli zinazolala. Dripu nyingi hupiga seli inayojigawa; seli iliyofika kwenye uboho ikatulia bila kujigawa miaka saba, haina pa kupigwa. Saratani zenye ER chanya zina tabia hii zaidi, ndiyo maana zinaweza kurudi hata baada ya miaka 20. Kuna seli zinazotapika dawa: kwenye ngozi ya seli kuna protini inayofanya kazi ya pampu, inaikamata doksorubisini au paklitakseli ikiingia na kuitupa nje. Pampu hiyo ilielezwa mwaka 1976 na Juliano na Ling huko Kanada, ikaitwa P-glikoprotini. Hiyo ni pampu halali ya mwili, iko kwenye utumbo na kwenye ini ikitulinda na sumu za chakula; saratani inaiazima tu. Tena iko kwenye mishipa ya ubongo, na hiyo ni sababu moja ya dawa nyingi kutofika ubongoni, ambako saratani nayo hupenda kujificha.

Halafu kuna jambo la kipokezi chenyewe kubadilika. Kwenye jeni iitwayo ESR1, inayotengeneza kipokezi cha estrojeni, kosa dogo la herufi moja laweza kukiacha kipokezi kikiwa kimewashwa muda wote, estrojeni iwepo isiwepo. Makosa haya ni nadra sana kwenye uvimbe wa mwanzo. Hujitokeza kwa wale waliorudiwa, hasa waliotumia dawa za kukausha estrojeni.

Lakini lililonishtua ni la mwisho. Seli ya kawaida ya titi imegundishwa na wenzake. Haiondoki mahali pake. Ili isafiri, lazima ijinasue, ibadili umbo, iwe ya kutambaa. Mabadiliko hayo hayo yanayoifanya itambae ndiyo mara nyingi yanayoifanya ivumilie dawa. Nilikuwa nikidhani saratani kwanza inakuwa sugu halafu inasambaa, kama hatua mbili. Kumbe mara nyingi ni tabia mbili za seli moja. Inayojua kuhama ndiyo inayojua kuishi chini ya dawa, na ndiyo inayofika kwenye ini.

Tukakubali sindano ya ini. Alilala ubavu wa kushoto, daktari akamwambia, "Mama, vuta pumzi, ishike hapo hapo," pakasikika mlio kama wa stepla, basi. Kipande kilichotoka kilikuwa chembamba kama uzi, kikatumbukizwa kwenye kichupa cha formalini. Majibu: ER bado chanya, PR imetoweka, HER2 hasi. Ripoti ya 2016 na ya 2022 tuliziweka mezani sambamba, na mtu yeyote anayejua kusoma angeona kwamba hazifanani. Si ajabu yetu peke yetu. Kwa wanaorudiwa, karibu mmoja kati ya watano hukutwa kipokezi cha ER kimebadilika, na kwa PR ni karibu watatu kati ya kumi. HER2 hubadilika kwa mmoja kati ya kumi hivi, na hao wanaweza kufaidika na dawa ambayo mwanzo haikuwahusu kabisa, trastuzumabu. Bila kinyama kipya, watu hao wangeendelea kupewa dawa ya ugonjwa ambao hawanao tena.

Nilizipeleka karatasi zile mbili kwa dada yangu. Sikumhubiria. Nilimwonyesha mstari wa PR, chanya huku, hasi kule, nikamwambia vidonge alikuwa anameza, saratani ndiyo iliyobadilika. Alizitazama muda mrefu, kisha akauliza kama mke wangu anaweza kula samaki, maana alikuwa na sato kwenye friji. Kwetu huko ndiko kuombana radhi.

Ieleweke pia, sisemi kuruka dawa hakuna neno. Kuna mama tuliyekuwa naye benchi moja aliacha tamoksifeni mwaka wa pili kwa sababu ya lile joto, bila kumwambia mtu. Anayeacha kabla ya wakati anapunguza kinga yake, hilo halina mjadala, na karaha za dawa zina tiba. Asemeshwe daktari kabla ya kutupa kopo. Ninachopinga ni kumhukumu aliyerudiwa bila kujua. Hata majani ya mstafeli, ambayo shemeji yangu alituletea gunia zima, mke wangu hakuwahi kuyakataa kwa maneno makali. Alimshukuru, akayaanika, yakaishia kwa mbuzi. Tulishaambiwa ini lenye doa lisiongezewe kazi ya mitishamba isiyojulikana kipimo chake.

Matibabu yakabadilika. Ovari zikaondolewa ili mwili uache kutoa estrojeni. Daktari alituambia njia hiyo ni ya kale kuliko dawa zote: George Beatson wa Glasgow alitangaza mwaka 1896 kwamba uvimbe wa titi ulinywea alipotoa ovari, wakati ambapo hakuna aliyejua homoni ni nini. Zikafuata letrozoli, kidonge cha kukausha estrojeni, kila siku, dripu ya zoledroniki ya kuimarisha mifupa, na mionzi mara moja tu kwenye mgongo kwa ajili ya maumivu. Hiyo mara moja ilifanya kazi kuliko sindano zote za kile kituo. Kulikuwa na dawa nyingine ambayo huongezwa juu ya letrozoli kuchelewesha usugu, palbosiklibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015. Daktari aliitaja, akataja na bei yake, akanyamaza ili tufikiri. Namheshimu kwa kuitaja. Kuna wanaoficha wakidhani wanatuonea huruma. Tulikaa kikao cha familia, tukapiga hesabu ya kuuza kiwanja cha Kihonda, na mke wangu ndiye aliyekataa. Kiwanja ni cha watoto, akasema, na kingemnunulia miezi michache ya vidonge.

Letrozoli ilitupa muda mzuri. Alirudi shambani, si kulima, kusimamia. Mwaka 2024 treni ya SGR ilipoanza, safari ya kliniki ikawa nyepesi kuliko basi lililokuwa likimpigisha mgongo kila tuta. Na mwaka huo huo skani ikaonyesha kitu nilichokuwa nimeshaelezwa lakini sikutaka kukiona: mifupa imetulia vizuri, doa la ini limekua. Mwili mmoja, dawa moja, sehemu moja inasikia na nyingine haisikii. Kila kundi la seli lilikokwenda kuishi limeendelea na mabadiliko yake.

Kipimo cha ESR1 hatukukifanya. Hakikuwa kwenye uwezo wetu. Daktari alitazama mwendo wa ugonjwa, akasema dawa za kukausha estrojeni zimefika mwisho wake. Akaeleza njia mbili. Moja ni fulvestranti, sindano mbili za matakoni kila mwezi, ambayo haizibi kipokezi bali inakivunja. Nyingine ni kapesitabini, vidonge vya kemo, ambavyo havijali habari za estrojeni kabisa. Kwa sababu ini lilikuwa linakwenda mbio, na kwa sababu kapesitabini ilikuwa inapatikana na fulvestranti ilikuwa ya kuagiza, akashauri vidonge. Mke wangu akauliza kama nywele zitatoka. Akaambiwa hapana, kwa kawaida hazitoki. "Basi tuanze leo," akasema.

Kapesitabini hunywewa wiki mbili, wiki ya tatu unapumzika. Nywele kweli hazikutoka. Viganja na nyayo ndivyo vilivyolipa: vikawa vyekundu, vikawaka, vikaanza kubanduka. Hakuweza kushika mwiko wa ugali, wala kufua. Tuliambiwa mafuta ya mgando kwa wingi, soksi za pamba, maji ya moto marufuku. Halafu simu yake ikapotea, tukaenda kurudisha laini kwa wakala. Kijana akamwambia aweke kidole. Mashine ikakataa. Akaweka cha pili, cha tatu, vyote kumi. Kijana akampa kitambaa afute, akadhani ni jasho. Mke wangu akamfungulia viganja: alama za vidole zimefutika kabisa, ngozi laini, inang'aa. Hiyo nayo ni kazi ya kapesitabini. Kijana aliduwaa. Mke wangu alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia sasa anaweza kuiba benki. Laini ilipatikana baada ya barua ya daktari na safari za kutosha kwenye ofisi za watu. Wanaoanza dawa hii washughulikie mambo ya vidole mapema.

Skani ya mwisho doa la ini limepungua, mifupa ipo vilevile. Tumeshaambiwa kwamba hii nayo ina siku zake, na ikikataa itafuata paklitakseli ya kila wiki. Kwa doksorubisini bado ana nafasi kidogo, kwa kuwa moyo una kiwango chake cha maisha yote kwa dawa ile na yeye hakukimaliza. Baada ya hapo ni mofini ya maji na utulivu wa maumivu, ambavyo daktari alivieleza kwa wakati mmoja na dawa nyingine, bila kunong'ona. Mke wangu ameyaandika yote kwenye daftari lake la vikoba, ukurasa wa nyuma, kwa mpangilio.

Watu wananipigia siku hizi, kwa kuwa habari husambaa. Wiki iliyopita ni mwanaume wa Ifakara, mkewe ametokewa na vinundu kwenye kovu, miaka minne baada ya upasuaji, na ameambiwa aendelee na tamoksifeni ile ile. Nikamwambia asiache dawa kwa neno langu, lakini aombe vinundu vichukuliwe kinyama, na aulize maabara iliyopima mwanzo kama bloku ya nta, yaani kile kinyama cha uvimbe wa kwanza kilichohifadhiwa ndani ya nta, bado wanayo, ili vilinganishwe. Alipiga tena jana. Bloku ipo, ila ghalani hawatafuti kwa jina. Wanataka namba ya sampuli, ile iliyoandikwa kwenye kona ya juu ya ripoti ya kwanza. Anaipekua nyumba nzima kuitafuta hiyo ripoti.